Swali la Bata Mzinga

Mama hakujua kumkatia mtu simu. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake, wala si masikio wala akili. Mtu akimpigia, hata aliyekosea namba, mama atamsalimu, atamwuliza habari za nyumbani kwake, na mwisho atamwombea ampate salama huyo aliyekuwa anamtafuta. Sasa mwambie mwanamke wa namna hiyo akate simu katikati ya maneno ya mtu. Ni kama kumwambia ammwagie mgeni maji mlangoni.

"Tunaanza upya," alisema binti yake. Alikuwa amejificha nyuma ya pazia lililogawa chumba chao, kipande cha sabuni sikioni badala ya simu. "Ngri ngri. Ngri ngri."

"Halo," mama akaitika kutoka upande wa pili, simu yake sikioni, mkono mmoja juu ya pasi ya mkaa.

Binti akainenepesha sauti. "Halo, mama. Mimi ni askari. Mwanao tunaye hapa kituoni, kaharibu mali ya watu. Tuma hela haraka tumwachie."

"Jamani. Kaharibu nini tena? Na wewe baba, hujambo? Kazi zinaendaje?"

Kaka mtu, aliyekuwa kitandani akila chakula chake cha jioni, alicheka mpaka akapaliwa. "Mama, unamsalimia mwizi?"

"Kwani mwizi hana mama?"

"Mama, kata," alisema binti, akichomoza kichwa kwenye pazia. "Usimjibu kitu. Kata."

"Hivihivi tu? Hata kwaheri?"

"Hata kwaheri."

Binti huyu tangu alipojua kusema alikuwa hakubali kushindwa kwa maneno, ndiyo maana pale mtaani walimwita Wakili, na kaka yake alikuwa anamwongezea "wa kujitegemea, maana hana mteja". Jioni ile mteja alikuwa mama, na kesi ilikuwa ngumu. Walirudia zoezi mpaka mkaa ukaanza kufa ndani ya pasi. Mara mama alimpa mwizi pole kwa kazi ngumu. Mara alimwomba radhi kwa kutokuwa na hela. Mwishowe, Wakili alipofika kwenye "tuma haraka", mama alibonyeza kitufe, akabaki anaitazama simu kama mtu aliyemkanyaga mtoto wa jirani.

"Mungu anisamehe," alisema.

Kaka akapiga makofi. Kisha mama, huku akiigeuza kola ya shati la mteja, akauliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. "Na siku ikiwa kweli je? Mtu anapiga, na kweli mmoja wenu kapatwa na jambo?"

Kaka ndiye aliyelipata jibu, tena mdomo ukiwa bado umejaa. "Tuweke swali, kitu tunachokijua sisi watatu tu. Mtu akisema yuko na mimi, mwambieni aniulize nilikuwa naogopa nini nilipokuwa mdogo. Asipojua, mkate msimwonee huruma."

Mama aliposikia hivyo ilibidi aiweke pasi chini, kwa kicheko. Kijana huyu ambaye sasa alikuwa fundi umeme, anayepanda kuta na nguzo bila kupepesa jicho, alipokuwa mdogo aliwahi kufukuzwa na bata mzinga kwenye ua wa tajiri mmoja, siku mama alipokwenda naye kupeleka nguo. Alikimbilia juu ya kapu la nguo zilizopigwa pasi, akasimama humo na miguu yake ya matope, akalia mpaka mwenye nyumba akatoka. Mama alizifua nguo zile upya zote. Na mpaka leo kijana akiona bata mzinga, hata kwenye picha, husogea kidogo.

"Basi jibu ni bata mzinga," alisema Wakili. "Na wewe usimwambie mtu yeyote."

"Nimwambie nani? Nataka kuoa mimi," alisema kaka yake.

*

Zoezi hilo halikuanza hewani. Mama alikuwa ameshaumwa, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Aliyempigia siku ile alijiita mwanawe. Sauti ilikuwa ya mafua, akasema simu yake imetumbukia kwenye maji, anatumia ya askari, amekamatwa na tajiri wa jengo kwa kuunguza mashine. Alijua jina la kaka. Alijua kwamba ni fundi umeme. Alijua hata kwamba mama anapiga pasi, kwa kuwa alisema, "Mama, acha pasi kwanza, nisikilize." Mama aliiacha. Alituma karo ya Wakili, akatuma na akiba ya chama cha akina mama, ambayo yeye ndiye alikuwa amekabidhiwa kuitunza. Akaongeza na ya kutolea, ili mwanawe asije akakatwa. Mtu yule akasema, "Asante mama, ubarikiwe," na mama akaitika, "Amina." Jioni kaka akaingia anapiga mluzi.

Fedheha iliyofuata ilikuwa ya rejareja, kila siku kidogo. Akina mama wa chama walikaa kikao chumbani mwake, kwenye kitanda chake, wakamwondolea kazi ya kutunza hela. Mwenyekiti wao alisema, "Si kwamba hatukuamini, ndugu yetu," na alipotoka nje, kabla hajafika hata kwenye bomba la maji, akasikika akisema, "Mtu mzima ovyo." Mama alisikia. Aliendelea kukunja suruali ya mtu, akafuata mstari wa pasi kwa kidole kama kawaida.

Wakili naye alibaki shuleni kwa huruma ya walimu, mpaka siku ilipokuja semina. Alikuja dada mmoja mwembamba mwenye kofia ya sufu, mtaalamu wa kuwafundisha vijana wizi wa mitandaoni unavyokwenda. Alikuwa anaongea haraka, tena bila kuwabembeleza. Aliwaambia mwizi wa siku hizi havunji mlango, anasoma. "Anasoma mnachokianika wenyewe. Picha ya kaka, kazi ya baba, namba ya mama. Nyinyi mnamwandalia meza, yeye anakuja na kijiko."

Wakili ndiye aliyeweka kwenye ukurasa wake picha ya kaka yake akiwa na kofia ya kazi, akaandika chini yake jina na sifa tele: fundi umeme, jembe la nyumba yetu. Halafu, kwa kumtafutia mama wateja, akaandika: nguo zenu ziletwe kwa mama, anapiga pasi ya mkaa, namba hii hapa. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Kumbe alikuwa anamwandikia mwizi maneno ya kusema.

Dada wa semina akageuka ubaoni, akaandika kwa herufi kubwa: KATA. "Ukiharakishwa, kata. Ukitishwa, kata. Ukiambiwa mtu wako yuko hospitali au kituoni na hawezi kuongea, kata. Lakini sikilizeni vizuri, kukata ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili..."

Mlango ukafunguliwa. Mhasibu wa shule alikuwa na tabia ya kutobisha hodi. "Samahani, mwalimu. Wenye madeni ya karo watoke. Nikikuita jina, chukua vitu vyako." Wakili aliitwa wa kwanza. Alikusanya madaftari huku wenzake wakitazama madawati yao kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi. Alijikokota kwenye varanda akitegea sikio ile nusu ya pili, lakini mhasibu aliwasindikiza mpaka getini na kuwafungia.

Baadaye alimwuliza aliyekuwa anakaa naye dawati moja. "Ah," alisema yule, "aliongea mengi, sijui hakikisha, hakikisha, nilikuwa na usingizi." Wakili akaona haidhuru. Neno kubwa la ubaoni alikuwa nalo.

Kuhusu ile picha, alimwambia kaka yake peke yake, kwa machozi. Kaka alimtazama, akamvuta sikio kidogo. "Futa," alisema. "Na mama asijue. Ameshachoka kuumia yule." Hakulitaja tena, wala kwa utani, na yeye alikuwa mtu asiyebakiza kitu bila kukitania.

*

Siku yenyewe ilikuwa ya jua na nguo nyingi. Wakili, kwa kuwa shule ilikuwa bado imemfungia geti, alikuwa nyumbani akinyunyizia mashuka maji. Mama alikuwa kwenye shati jeupe la mwalimu mmoja mkali. Simu ikaita, namba ngeni.

"Halo," alisema mama.

Sauti ya mwanamume, inahema. Wakili alisogea, akaweka sikio upande wa pili wa simu. "Mama, mimi nafanya kazi na mwanao. Ni fundi rangi. Kijana ameanguka kutoka juu, mama. Tuko hospitali kubwa. Wanataka ndugu yake, na wanataka hela ya vipimo. Yangu haikutosha."

Pasi ilisimama juu ya shati. Mama alimtazama binti yake. Macho yake yalikuwa yameshatoka mlangoni, yameshafika hospitali. Wakili akatikisa kichwa, akamwonyesha kwa midomo bila sauti: swali.

"Baba," alisema mama, "hebu mwulize, alipokuwa mdogo alikuwa anaogopa nini?"

"Mama, mtu anatoka damu. Wewe unaniuliza anaogopa nini?"

Wakili akaichukua simu. "Kama uko naye, mpe aongee."

"Wamemwingiza ndani. Hawaniruhusu, mimi si ndugu. Dada, tafadhali njooni tu, na mkipata chochote mtume kwa namba hii..."

Hospitali. Hawezi kuongea. Tuma. Yalikuwa maneno yaleyale ya dada wa semina, kwa mpangilio uleule. Wakili alikata. Kisha akafanya jambo sahihi, akampigia kaka yake. Hakupatikana. Lakini kaka akiwa kwenye nyaya huwa anazima simu, kila siku, tajiri wa jengo ndiye aliyeweka amri hiyo. Namba ngeni ikaita tena. Akakata. Ikaita tena. Wakili akaingia kwenye simu ya mama, akabonyeza hapa na pale jinsi walivyofundishwa, akaifungia namba ile isipite tena.

"Ameisha," alisema.

Ndipo waliposikia harufu. Shati la mwalimu lilikuwa limebaki na alama ya pasi mgongoni, ya kahawia, umbo kamili mpaka ncha.

"Ona sasa," alisema mama, akaketi. "Mwizi huyu kanichomea shati la watu." Wakatazamana, na sijui ilikuwa hofu iliyokuwa inatoka au nini, wakaanza kucheka. Walicheka mpaka mama akajifuta macho kwa kona ya shati lenyewe, maana lilikuwa limeshaharibika hata hivyo.

Habari ilifika bombani kabla yao. Wakili alisimulia, akaigiza sauti ya mwizi, kuhema kwake na yote. "Eti mtu anatoka damu!" Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele na ndoo zao mkononi. Hata mwenyekiti wa chama alisogea akamshika mama bega. "Safari hii umewaweza," alisema. Mama alirudi chumbani kwake ameinua shingo, kwa mara ya kwanza tangu kikao kile kilichofanyika juu ya kitanda chake. Mchana ule alikuwa na furaha. Ilikuwa furaha ya kweli, na hilo ndilo ambalo Wakili hakuweza kulisamehe baadaye.

Ila mama, katikati ya shuka moja na jingine, alisimama. "Sauti yake ile," alisema. "Ilikuwa ya mtu aliyekimbia."

"Mama, hao wanajua hata kulia."

"Tungekwenda tu kazini kwake, tukamchungulia. Tusiseme kitu. Tukamwona, tukarudi."

"Kwa nauli ipi? Na nguo hizi je? Mama, ndicho wanachotaka, uhangaike. Ukihangaika wameshinda."

Mama aliitazama barabara mlangoni. Halafu akaongeza mkaa kwenye pasi.

*

Jioni, watu wakirudi kutoka kazini, mtu alipiga hodi. Wakili alidhani ni mteja. Alikuwa mwanamume wa makamo, nguo zimejaa madoadoa ya rangi za kuta za watu, na mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki.

"Hapa ndipo kwa mama anayepiga pasi?" aliuliza. "Nimezunguka sana. Nilichojua ni kwamba mama yake anapiga pasi, na kwamba kuna bomba karibu."

Sauti ilikuwa ileile. Wakili aliitambua kabla yule mtu hajamaliza kusema, akashika fremu ya mlango.

"Ndipo," alisema mama. Naye aliitambua. "Karibu, baba. Karibu ndani."

Fundi rangi hakuketi. Alianza kusimulia akiwa amesimama, haraka, kama mwanafunzi aliyetumwa kueleza kosa la darasa zima. Ubao wa jukwaa ulivunjika. Simu ya kijana ilisagika mfukoni. Namba ya mama yeye aliipata kwa msimamizi wa jengo. Hospitali walisema lazima apasuliwe, na kwa upasuaji anatakiwa ndugu wa kutia sahihi. Alijidai ni mjomba wake, wakamwomba kitambulisho, majina hayakulingana, wakamtoa nje.

"Nilipiga, mama," alisema. "Naapa nilipiga."

"Ulipiga, baba. Najua."

"Baadaye nesi mmoja akanionea huruma, akaniingiza kidogo. Alikuwa na fahamu zake. Nikamwambia, wenzako kwenu hawaniamini, mama yako anauliza eti ulikuwa unaogopa nini. Akacheka. Nakwambia kweli, mama, katika hali ile alicheka. Akasema, waambie bata mzinga. Mimi nikaona anaweweseka, lakini akanishika mkono, akasema tena, kawaambie bata mzinga, watakuja. Nikatoka mbio nikapiga." Aliutazama ule mfuko mkononi. "Simu haikuita. Nilipiga, nikapiga, haikuita tena."

Simu yenyewe ilikuwa juu ya meza ya kupigia pasi, kando ya shati lililoungua.

"Anaendeleaje sasa?" aliuliza mama.

Fundi rangi aliuweka ule mfuko sakafuni, taratibu, kwa mikono miwili. Ndani yake kulikuwa na viatu vya kazi vya kaka, kamba zikiwa zimefungwa pamoja.

"Tukae kwanza, mama," alisema.

*

Hospitali, daktari kijana aliwapokea kwa heshima. Mama alimwuliza swali moja tu: kama wangefika mchana, angepona? Daktari alitazama kalamu yake. "Hatuwezi kusema, mama," alijibu. Huenda ndiyo, huenda hapana, damu ilikuwa imemwagika ndani. Wakili alitamani aambiwe hapana. Alitamani hata aambiwe ndiyo. Hiyo "hatuwezi kusema" haikuwa na mahali pa kuishika.

Msiba ulijaa watu. Walikuja wa mtaani, wa chama, mafundi wa jengo na kofia zao mikononi. Na kila aliyekaa karibu na mama na kumwuliza ilikuwaje, mama alijibu kwa sauti ya kusikika, "Nilikata simu. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu huu." Wakili alikuwa pembeni akigawa maji. Mara ya kwanza alifungua mdomo aseme siyo. Mama alimtazama, jicho lile la wazazi la kumnyamazisha mtoto mbele ya wageni, akanyamaza. Akaendelea kunyamaza. Wale wanawake waliopiga vigelegele bombani walikuwepo, walijua nani alisimulia na nani aliigiza kuhema, na hakuna aliyesema neno. Mwenyekiti wa chama aliosha vyombo vya msiba mpaka mikono ikamchubuka.

Usiku wa mazishi ulipopita, Wakili alimkuta mama akivipiga brashi vile viatu. "Mama, ni mimi niliyefunga ile namba," alisema. "Na ile ya kwanza pia, yule mwizi alitujua kwa sababu yangu. Niliweka picha."

"Najua," alisema mama. "Kaka yako aliniambia."

"Alisema tusikwambie."

"Aliniambia siku ileile. Akasema nisikuonyeshe kwamba najua, usije ukashindwa kusoma." Aliendelea kupiga brashi. "Alikuwa anatuficha wote wawili, kila mmoja kwa upande wake. Mwanangu yule hakuwa na siri hata moja ya maana."

Wakili alilia kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo, na mama akamwacha alie, mkono mmoja ndani ya kiatu.

*

Rambirambi ya tajiri wa jengo ndiyo iliyolipa karo. Mama hakuigusa kwa jambo jingine. Wakili alirudi shuleni, na jambo la kwanza alilofanya ni kumtafuta yule dada wa semina, akampata kwenye shule ya jirani akipakia vitu vyake.

"Ile nusu ya pili ilikuwa nini?" aliuliza.

Dada hakuelewa. Wakili akamweleza, tangu ubao mpaka mfuko wa viatu. Dada alivua kofia yake ya sufu, akakaa kwenye ngazi.

"Hakikisha," alisema hatimaye. "Ukishakata, mpigie mwenyewe kwa namba unayoijua. Asipopatikana, mpigie aliye karibu naye, msimamizi, jirani, hospitali yenyewe. Ukikosa wote, nenda. Nilikuwa nawaambia hivi: pesa usitume, tuma miguu."

Mama alikuwa amelisema hilo mwenyewe. Tukamchungulia, tukarudi. Hakuwa amefundishwa na mtu.

Tangu hapo dada yule akija kufundisha, humchukua Wakili. Huigiza wote wawili, mmoja mwizi, mmoja mama, na vijana hucheka pale mama anapomsalimia mwizi. Wakili huwaacha wacheke. Kisha huwasimulia yaliyobaki. Siku moja, katikati ya masimulizi hayo, mlango wa darasa lake la zamani ulifunguliwa bila hodi, mhasibu akaanza, "Samahani, wenye madeni..."

"Hatoki mtu," alisema Wakili.

Mhasibu alimtazama.

"Wakimaliza, waite uwatakao, hata mimi nitakusaidia kuwaita. Lakini sasa hivi hatoki mtu. Nimefika nusu."

Hakupaza sauti. Mhasibu alisimama na kitasa mkononi, akamtazama dada wa semina, akawatazama watoto. Halafu akaufunga mlango yeye akiwa nje.

Jioni hiyo Wakili alifika nyumbani akitaka kumsimulia mama. Alimkuta amesimama kwenye meza yake, pasi imewekwa pembeni mbali na nguo, simu sikioni. Siku hizi mama hupokea kila namba. Wakili ameshafundisha mtaa mzima kukata, ila chumba hiki kimemshinda.

"Ndiyo, ni mimi mama yake," mama alikuwa anasema. "Kaumia? Wapi tena, baba?"

Akiwa pale mlangoni Wakili aliisikia ile sauti nyembamba ya mtu asiyemjua. Ajali. Hospitali. Tuma haraka, mama. Alipiga hatua aichukue simu, na mkono ukamkatalia.

"Sina haraka," alisema mama, kwa upole uleule wa siku zote. "Hebu mwulize kwanza, alipokuwa mdogo alikuwa anaogopa nini. Nenda kamwulize. Mimi nipo, nakusubiri."

Alisubiri. Alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, kama anayesikiliza nyayo za mtu kwenye varanda. Baadaye akaishusha simu, akaitazama.

"Amekata," alimwambia binti yake. "Labda amekwenda kumwuliza."